Plagi Mfukoni mwa Marehemu

Mzee alikiri kabla hajaulizwa, na hilo ndilo lililomkera Koleo. Katika kazi yake ya upelelezi alikuwa amewabana wezi, matapeli na wauaji wa kila sampuli, mpaka wenzake kituoni wakampachika jina hilo la Koleo, kwamba mama huyu akishika haachii, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Wauaji aliowajua yeye walikiri kwa kukamuliwa. Huyu mzee alijileta kaunta kwa miguu yake, ovaroli limejaa grisi, akasema, "Nimemuua mwanangu. Nifungeni." Kisha akakataa chakula.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Ana gereji. Ana wana wawili mafundi. Yule mdogo, ambaye kila mtu alimwita Waya, alikuwa ameng'oa injini ya dizeli kwenye pikapu moja nyeupe na kuifunga mota ya umeme na betri. Siku ya kuijaribu barabarani gari likawa linakatakata: linakwenda, linazima, linakwenda tena. Waya akalirudisha, akafungua boneti, akatia mikono kwenye sanduku la kidhibiti cha mota kutafuta ugonjwa. Mzee akapanda kwenye kiti cha dereva, akageuza ufunguo. Waya akapiga ukelele mmoja, akaanguka.

Basi. Uzembe wa mtu mzima, mtoto kafa, sheria ina kifungu chake. Kwa umri ule mzee angeingia jela kwa miguu na kutoka kwa machela, na mkuu wa kituo alikuwa tayari ameshalitengea jalada mahali kabatini. Lakini Koleo alikuwa na kitu kimoja kwenye mfuko wa nailoni kilichomkosesha raha, kwa hiyo asubuhi hiyo alimtoa mzee mahabusu, akamchukua na Mhandisi wa idara ya ukaguzi wa umeme, wakaenda gerejini.

Mhandisi alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kuongea na mashine kwa upole na watu kwa mkato. Alilala chali chini ya pikapu, akatoka na vumbi la mwaka mzima mgongoni.

"Betri ziko kwenye sanduku hili chini ya bodi la nyuma," alisema. "Nyingi, ndogondogo, zimeungwa kama mnyororo. Moja moja ni wanyonge. Zikishikana zinaua ng'ombe."

"Na hii?" Koleo aliinua mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na plagi nene ya rangi ya machungwa.

"Plagi ya usalama. Inakaa katikati ya mnyororo. Ukiichomoa, mnyororo umekatika, umeme hauna pa kupita. Umeipata wapi?"

"Mhudumu wa mochari aliitoa mfukoni mwa suruali ya marehemu. Mzee anasema ndiyo sheria ya gereji hii. Anayetia mkono kwenye umeme mkubwa anachomoa plagi na kuiweka mfukoni mwake mwenyewe. Haiwekwi mezani, hapewi mwenzake kuishika. Ikishakuwa mfukoni, hata shetani akiwasha gari hakuna neno."

Mhandisi alikuna kichwa kwa bisibisi. "Basi asingekufa."

"Lakini amekufa, bwana. Amevimba kule mochari. Nieleze."

Kijana alijaribu. Kwanza alisema labda kidhibiti kilibaki na umeme wake wa akiba, maana ndani mna kitu kama tangi dogo la kuuhifadhi. Akakipima, akakijaza, akakizima, akaangalia mita ikishuka. Tangi lilikauka kabla Koleo hajamaliza kupenga kamasi. Siyo hilo. Akasema labda umeme umevuja kwenye bodi la gari, marehemu akashika waya huku na chuma kule. Akapima bodi kila pembe, likawa safi. Siyo hilo pia. Koleo alikuwa ameegemea jokofu bovu lililofanywa kabati la spana, na uvumilivu wake ulikuwa unaisha.

"Acha kukisia," alisema. "Tufanye kama walivyofanya. Plagi iko nje. Mimi ni mzee. Naingia kwenye kiti."

Aliketi, akageuza ufunguo. Chini ya boneti kitu kikalia *tak!*

"Hiyo ni kontakta," Mhandisi aliita kutoka mbele. "Ni swichi kubwa. Ukigeuza ufunguo inafunga, umeme unatoka kwenye betri kuja huku mbele."

"Umekuja?"

"Sifuri."

"Narudia." *Tak!*

"Sifuri, afande. Geuza mpaka mkono uchoke. Plagi ikiwa nje, ufunguo huo hauwezi kuua hata nzi."

Koleo alitoka kwenye kiti polepole. Kwa hiyo mzee, aliyekuwa amekaa siku zote hizo mahabusu akijiita muuaji, alikuwa amekiri jambo lisilowezekana. Vyaelea vimeundwa. Kama plagi ilikuwa nje na umeme ukapita, basi kuna kitu kilikaa mahali pa plagi, na kuna mkono uliokiweka.

"Nyuma ya tundu la plagi kuna nini?"

"Bolti mbili. Moja ya kila upande wa mnyororo."

"Mtu akichukua waya mnene akaziunganisha hizo bolti mbili kwa nyuma?"

Mhandisi aliiweka mita chini. Kisha akatukana, tusi la kienyeji kabisa ambalo hakufundishwa chuoni. "Marehemu anaweza kuchomoa plagi mchana kutwa, haisaidii. Atapima umeme kwanza, kwa sababu alikuwa fundi, na mita itamwambia sifuri, kwa sababu kontakta haijafunga. Anatia mikono. Halafu mtu anageuza ufunguo."

"Fungua."

Kifuniko kilishikiliwa na skrubu nne. Ndani hamkuwa na waya wowote wa ziada. Bolti mbili, zimekazwa vizuri, na juu ya kila moja umepigwa mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bati. Koleo aliuona mstari huo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na tabasamu la Koleo halikuwa jambo la kumfurahisha mtu.

Maana hiyo nayo ilikuwa sheria ya mzee, na mzee alikuwa amemweleza kwa fahari hata katika majonzi yake. Fundi akikaza bolti anapiga mstari kwa kalamu ya rangi, ijulikane imekazwa na ijulikane na nani. Waya alikuwa na rangi nyeupe. Kaka yake alikuwa na njano. Mzee mwenyewe aliacha kukaza tangu mtoto wa jicho ulipomfunika macho. Wanawe walipokuwa wadogo, bolti isiyo na mstari ilikuwa kofi, hapo hapo, mbele ya yeyote aliyekuwepo. Walipigwa mpaka mkono ukawa unapiga mstari wenyewe, hata akili iwe imelala.

Mistari ile miwili ilikuwa ya njano.

Koleo akatoa simu ya marehemu, akamwonyesha Mhandisi picha ambayo marehemu alimtumia mwenye pikapu asubuhi ya siku aliyokufa, kabla hajafunga kifuniko na kwenda kulijaribu gari. Tundu lile lile, bolti zile zile. Mistari myeupe. Aliyeutoa waya baada ya kifo alikaza bolti upya, na mkono ukapiga mstari kwa mazoea.

"Na kuna jingine," Mhandisi alisema, sauti imemshuka. Alikuwa amerudi mbele, tochi mdomoni, ameshika soketi ndogo ya waya za kidhibiti. "Ule ugonjwa wa kukatakata. Pini hii imepindwa. Haikupinda yenyewe, ina alama ya chuma. Gari likitikisika inaachia, likitulia inashika."

"Yaani ugonjwa uliletwa ili daktari aje kutia mikono."

"Ndiyo maana yake."

Koleo alikwenda ofisini. Kuita ofisi ni adabu tu. Kilikuwa kijichumba kilichokatwa kwa mbao nyembamba kwenye kona ya gereji, kiasi kwamba mtu akijikuna ndani aliye nje anasikia. Mzee alikuwa amekaa juu ya debe la oili, macho yake meupe yameelekea mlangoni.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Mmemaliza? Nirudisheni."

"Ufunguo wako haukumuua mwanao." Alimweleza yote, taratibu, kama anayemsomea mtu barua. Alitegemea mzee angelia, au angemshukuru Mungu. Mzee aliuliza swali moja.

"Mstari ulikuwa wa rangi gani?"

"Njano."

Mzee akainuka juu ya debe. Akapapasa hewani mpaka akaukamata mkono wa shati la Koleo.

"Binti yangu, andika ni mimi. Karatasi lipo, nimeshatia dole gumba. Kwa nini unajisumbua?"

"Nani alikuambia upande kwenye kiti ugeuze ufunguo?"

"Hakuna. Nilipanda mwenyewe. Uzee una utundu wake."

"Mzee."

"Nilikuwa na wawili!" alifoka, na mate yakamtoka. "Nimebaki na mmoja. Mmoja! Mimi nimebakiza nini hapa duniani, nimebakiza kufa tu. Ukimchukua na huyu, nani atanizika? Wewe?"

Koleo alipiga hesabu kichwani. Alijua alichonacho na alichopungukiwa. Mstari wa njano ni mstari. Wakili yeyote mwenye suti moja angeupangusa mahakamani. Bila mtu wa kusema *fulani ndiye aliyeniambia nigeuze ufunguo*, hana kesi. Na mtu huyo alikuwa amekaa juu ya debe, amefunga mdomo kama kopo lililochomelewa.

"Ninachoogopa," mzee aliendelea, sasa kwa upole, "ni kwamba akisikia nimefungwa atakuja kusema ni yeye, ili aniokoe. Ana hasira, lakini ana moyo. Ananipenda, yule. Usimsikilize akisema hivyo."

Hapo ndipo Koleo alipopata njia. Hakuipenda. Aliichukua hivyo hivyo.

"Yuko njiani, nimemwita," alisema. "Wewe kaa hapa. Usitoke, usikohoe. Akisema ni yeye ili akuokoe, nakuahidi sitamsikiliza."

Mzee alimshukuru. Alimshukuru mara mbili.

Nje, Mhandisi alimvuta pembeni. "Afande, utamfanya mzee asikie? Huo ni unyama."

"Unyama ulishafanyika, mdogo wangu. Mimi nimekuja kufagia."

Kaka mtu alifika akiwa anatafuna njiti ya meno. Walimwita Dizeli, kwa kuwa aliapa mbele ya watu kwamba gari lisilotoa moshi si gari. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa mabega, na kalamu yake ya rangi ilikuwa imechomekwa mfuko wa kifuani kama ya mwalimu mkuu. Alimpa Koleo mkono. Mkono ulikuwa mkavu.

"Pole sana na msiba," Koleo alisema.

"Tumeshapoa. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Na baba yako?"

"Baba ni mzee. Tulimwambia asikae karibu na haya magari ya kisasa, hasikii." Alitikisa kichwa kwa huzuni iliyopimwa. "Sheria ifuate mkondo wake."

Nyuma ya mbao hakukuwa na sauti yoyote.

"Wewe uliwahi kugusa sanduku la betri la hii pikapu?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa injini, afande. Umeme siujui, siutaki. Hiyo ilikuwa kazi ya marehemu, mwanzo mpaka mwisho."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Naapa."

"Walipompeleka Waya hospitali kwa gari la jirani, wewe ulibaki."

"Nani angefunga gereji? Wezi ni wengi."

Koleo alimwongoza nyuma ya pikapu, bila haraka, kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni nyumba. Kifuniko kilikuwa wazi. Aliwasha tochi. Dizeli aliangalia bolti mbili zile, na njiti ikaacha kutembea mdomoni mwake.

"Soma," Koleo alisema.

"Nisome nini?"

"Rangi."

 Halafu Koleo akamwekea simu ya marehemu mbele ya pua. "Hii ni asubuhi. Nyeupe. Kufikia jioni ikawa njano. Kati ya asubuhi na jioni akafa mtu. Mnene wewe, lakini hesabu hii si nzito."

"Kalamu siyo ushahidi. Kalamu inaokotwa."

"Yako umeiokota?"

"Nina maana..." Aliangalia mlango, akaangalia askari aliyesimama mlangoni, akarudisha macho. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Koleo alimwacha aupapase ukuta. Hakumsaidia hata kwa kikohozi.

"Baba huichukua," Dizeli alisema mwishowe. "Kalamu yangu. Anaichukua kila siku, muulizeni yeyote. Ndiyo, sasa nakumbuka, siku ile aliichukua."

"Kwa hiyo baba yako ndiye aliyefungua sanduku."

"Sitaki kumsema mzazi."

"Mseme tu, tuko wenyewe."

"Ni yeye basi! Si mwenyewe amekiri? Mnataka nini zaidi?" Sasa maneno yalikuwa yanamtoka mbio, kama mtu aliyeona mlango. "Kichwa chake hakiko sawa siku hizi, afande. Anaunganisha waya ovyo, anasahau. Mimi nilimwona kwa macho yangu akiwa chini ya gari. Andika hivyo, nitatia sahihi. Ataenda huko, atapumzika. Kwa umri wake, hata hukumu yenyewe hataimaliza."

Mbao zililia. Mlango wa ofisi ulifunguka, na mzee akatoka, mkono mmoja ukutani, akihesabu njia kwa vidole.

"Sema tena," alisema. "Nilikuwa sijasikia vizuri."

Dizeli alirudi nyuma mpaka akagonga tairi. Mhandisi aligeuka, akaangalia dari.

"Mimi nina mtoto wa jicho, mwanangu. Sioni hata sahani yangu. Nimeziona vipi bolti za chini ya gari?"

"Baba..."

"Nilikaa siku zote hizo ndani, nanuka mkojo wa watu, ninasema ni mimi. Hakuna aliyenipiga. Nilisema kwa ajili yako." Aligeuza uso kuelekea alipodhani Koleo amesimama. "Afande. Andika sasa. Huyu alikuja akaniambia, 'Baba, panda kwenye kiti. Mdogo wangu anataka uwashe ufunguo aone kama taa ya dashibodi inawaka.' Mimi nikapanda. Nikamwuliza, niwashe? Akanishika bega, akasema, 'Washa, Baba.' Andika hivyo hivyo. Usipunguze."

Koleo aliandika. Askari alikwishasogea. Dizeli alinyoosha mikono kwa pingu bila kuambiwa.

"Ulinifanya mpini!" alimpigia kelele baba yake. "Mbele ya wateja! 'Huyu mkubwa ni wa kushikia spana tu, fundi ni yule mdogo.' Ukacheka, wakacheka na wao. Yule mtoto nilimbeba mimi mgongoni, nilimfundisha mimi kushika bisibisi, halafu nimshikie spana? Gereji yote umempa yeye kabla hujafa!"

"Ulikuwa utani," mzee alisema.

"Kila siku?"

Mzee aliurudia ukuta kwa mkono, akauegemea.

"Ningeweza kugeuza ufunguo mwenyewe," Dizeli alisema, na safari hii hakupiga kelele. "Ilikuwa rahisi zaidi. Nilitaka mkono uwe wako."

 Hata Koleo, aliyesikia mengi, alijikuta ameacha kuandika. Akamalizia sentensi, akafunga kalamu, akamwashiria askari.

Walimtoa Dizeli uani, wakamwingiza kwenye gari la polisi. Kesi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa kesi safi. Mkuu wa kituo angempongeza mbele ya gwaride. Koleo alimshika mzee mkono, akamwambia yuko huru, askari mwingine angemrudisha nyumbani. Mzee hakusogea. Aliuliza gari limeelekea wapi. Akaambiwa halijaondoka.

"Nipandisheni," alisema. "Nimfikishe. Ni muuaji, lakini ndiye niliyebaki naye."

Sheria haikuruhusu. Koleo alimwongoza hivyo hivyo mpaka kwenye mlango wa gari, akaufungua. Mzee akainama, akanyoosha mkono ndani, akipapasa kutafuta goti la mwanawe.

Dizeli akalisogeza goti.

"Afande," alisema, akiangalia mbele, "mwondoe huyu mzee mlangoni, nina haraka ya kufika."

Koleo akasubiri kidogo, pengine angebadili neno. Hakubadili. Akauondoa mkono wa mzee, taratibu, akafunga mlango, na gari likatoka uani. Mzee alibaki amesimama, uso umeelekea upande mwingine kabisa, upande ambao hapakuwa na gari.